Mkate wa Moshi Kidogo kwenye Arobaini ya Baba

Leo nimeadhirika. Sio mbele ya watu wawili watatu. Mbele ya hitima nzima, kwenye arobaini ya baba yangu mzazi, nikiwa na masizi mpaka kwenye kope.

Edina wa Makete, Mwajuma wa Pangani, Josefu wa Dodoma: barua ni moja, nimeiandika juu ya karatasi za kaboni ili iwafikie nyote watatu kwa mkupuo. Sie tumejuana kwa kadi za salamu za redioni tu, hamjawahi kuniona sura. Kwa leo namshukuru Mungu kwa hilo.

Nianze nyuma kidogo, la sivyo mtadhani nimerukwa na akili. (Mwisho wa barua mtaamua wenyewe.)

Baba yangu alikuwa akioka mikate hapa Tegeta. Ubavuni mwa nyumba, upande wa njia, alijenga tanuri la udongo, kubwa, lenye mgongo wa mviringo kama kobe. Kwa miaka yote watu wa huku, kuanzia Boko mpaka Bunju, walikunywa chai kwa mkate wake. Halafu mambo yakafunguliwa, kila kitu ruksa, na magari ya mikate ya mjini yakaanza kufika na mkate wa slesi ndani ya nailoni. Baba hakuyachukia. Alisema tu, "Ule ni mkate uliokatwa na mtu asiyekujua." Akaendelea kuwasha tanuri lake. Juzi juzi hapa akapata homa ya siku tatu. Siku ya nne tukamzika.

Sasa mkubwa wetu ni baba mdogo, Shomari. Yeye anataka tanuri libomolewe, pasimame fremu mbili za duka, maana siku hizi kila mwenye ukuta unaotazama njia ana fremu. Aliposema hivyo nililia. Nikasema mie nitaoka. Akavitazama vidole vyangu, vimejaa wino wala si unga, kisha akasema mbele ya mama:

"Basi tufanye hivi. Siku ya arobaini, mkate wa chai oka wewe. Wageni wakila wakaridhika, tanuri lako, sitalitaja tena. Ukishindwa, Jumatatu naleta mafundi."

Nikasema sawa.

Hapa lazima niungame. Mie sikuwahi kuliwasha tanuri lile hata siku moja. Kukanda nimekanda, kufagia nimefagia. Moto baba aliuwasha mwenyewe. Mara nyingi aliniita, "Zuhura, njoo leo uwashe wewe." Nami nikamjibu, "Subiri kidogo baba, nasoma." Mnanijua nilivyo. Siwezi kugusa kitu mpaka nikijue chote kwanza, kisije kikaharibika mkononi mwangu. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini kusoma sijaacha. Nasoma mpaka karatasi za kufungia karanga.

Na karatasi ya karanga ndiyo iliyoniponza.

Ilikuwa imechanwa kwenye jarida la Kizungu. Habari yenyewe ilihusu ngano, mkate na hewa. Nikakaa nayo majuma mawili na kamusi yangu isiyo na jalada. Ilisema kila mkate una moshi wake usioonekana. Mbolea ya chumvichumvi inatengenezwa viwandani kwa kuchoma gesi nyingi inayotoa hewa ya kaboni, na ikishamwagwa shambani inatoa hewa nyingine inayoongeza joto duniani. Ngano iliyolimwa kwa samadi inaepukana na hayo. Nilishangaa sana, jamani! Miaka yote tunakula mkate, kumbe tunakula na moshi wa watu!

Mwisho kabisa wa ukurasa paliandikwa, "Hata hivyo," halafu basi. Ukurasa uliofuata haukuwepo. Mwuza karanga alishamfungia mtu mwingine.

(Mwenye akili angesimama hapo. Mie nilichukua rula nikapiga mstari.)

Nikatengeneza jedwali. Kwa kuwa vipimo vyao sikuvielewa, nikatunga cha kwangu: debe la moshi. Ngano ya chumvichumvi, madebe matatu, kwa kalamu nyekundu. Ngano ya samadi, debe moja, kwa kalamu ya bluu. Nikalichora upya mara tano kwa sababu mistari ilikuwa haikutani vizuri kwenye pembe.

Ndipo nikakuandikia wewe, Edina. Usijilaumu. Ulisema shamba la mama yako halijawahi kuonja chumvichumvi, ni samadi ya ng'ombe tu, nami nikaona Mungu kaniitikia. Gunia lako lilifika na lori la viazi, siku ya tatu, likiwa na vumbi la mikoa yote. Nikalipeleka mashineni. Mwenye mashine alinung'unika kwamba mtambo wake ni wa mahindi, akasaga hivyo hivyo. Unga ukatoka wa kahawia, mzito, una harufu ya majani. Nilipenda mno! Nilijiambia, arobaini ya baba watu watakula mkate safi kuliko wote uliowahi kuliwa Tegeta.

Zikabaki kuni. Baba alikuwa anachoma matawi makavu ya mikorosho. Wenye mashamba ya huku hupogoa kila mwaka, wakamwachia. Mie nikaona mti ni mti, sitaki mti kwenye hesabu yangu. Nikaamua kuchoma makumbi ya nazi. Makumbi ni taka, yanatupwa. Kwenye jedwali nikaandika: sifuri.

Basi, leo.

Nimeamka kabla ya adhana ya alfajiri. Nimekanda unga wote peke yangu, nimeufunika kwa kanga, ukaanza kuumuka vizuri. Nikajaza makumbi tanurini, nikawasha. Tatizo ni kwamba juzi ilinyesha. Makumbi yalikuwa makavu kwa nje tu. Yakafanya kazi inayofanywa na makumbi mabichi kila mahali duniani: yakafuka.

Mama akatoka na sufuria mkononi. "Zuhura, kuni za baba yako zipo pale nyuma ya choo. Kavu."

"Mama, zile hazimo kwenye hesabu."

Akanitazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa aliyesema amepona. Akarudi ndani.

Saa tatu wageni wakaanza kuingia. Majamvi yametandikwa uani, wanaume huku, wanawake kule, juzuu zinagawiwa. Mama alikwisha kusema kwamba marehemu aliishi kwa mkate, kwa hiyo hitima ikisomwa, kabla ya pilau watu wapate chai na mkate. Saa nne ikafika. Hitima ikamalizika, dua ikaombwa. Natia mkono ndani ya tanuri: vuguvugu. Unga nao ulishapanda, ukapita kiasi, ukaanza kunywea kama mtu aliyesubirishwa mno.

Shangazi Tatu akaja. Huyu ni dada mkubwa wa baba. Mdomo wake unajulikana mpaka Bagamoyo.

"We mtoto, chai imechemka mara ya pili. Huo mkate unasafiri kutoka wapi?"

"Kutoka Makete, shangazi."

(Nilijibu kwa fahari. Kwa fahari!)

"Makete? Njoo uwaeleze watu mwenyewe, maana mie sina la kuwaambia."

Kabla sijaondoka nikafanya jambo moja. Nikashindilia makumbi yote yaliyobaki, nikaziba mdomo wa tanuri kwa bati ili joto lisipotee. Nilidhani nimefanya la maana sana.

Nikasimama mbele ya watu na daftari langu. Sijui niliingiwa na nini. Ningeweza kusema tu, "Samahanini, mkate umechelewa." Lakini mie nikitetemeka huwa nazidi kueleza. Nikaanza toka mwanzo: chumvichumvi, samadi, hewa, dunia. Nikawaonyesha jedwali. Wazee wakainamisha shingo kulitazama kwa adabu.

"Kwa hiyo," nikasema, "mkate wa leo una moshi mdogo kuliko mikate yote."

Shangazi Tatu akaweka kikombe chini.

"Ngojea mwanangu, nielewe. Ngano imetoka Makete."

"Ndiyo, shangazi."

"Imekuja kwa miguu?"

"Imekuja na lori la viazi."

"Na hilo lori linakunywa maji ya kisima?"

Wanawake wakaanza kuziba midomo kwa kanga. Mie nikafungua daftari, nikatafuta lori. Lori halikuwemo. Kurasa kumi na mbili, rangi mbili, lori halimo!

"Haya," akaendelea, "na huko shambani kwenye samadi, ukilima eka moja unavuna sawa na mwenye chumvichumvi?"

Edina, uliniandikia mwenyewe kwamba mama yako anavuna magunia machache, anazidisha eka. Nilikuwa nayo barua yako. Sikuwahi kuyaona maneno hayo mpaka dakika ile.

"Anavuna kidogo," nikasema.

"Kwa hiyo analima pakubwa zaidi kupata kilekile. Sie tuliolima mpunga bonde la Mpiji hilo tunalijua bila daftari." Kisha akanyoosha shingo, akatazama nyuma ya bega langu. "Na huo moshi hapo nyuma yako, ni wa ngano ipi?"

Nikageuka.

Jamani! Tanuri halikuonekana. Moshi ulikuwa umesimama mzito, mweupe, unapanda juu ya paa, unashuka kwa jirani, unaingia mpaka kwa wanaume waliokuwa wamevaa kanzu za kupigwa pasi. Shehe akaanza kukohoa. Na kabla sijafungua mdomo, sauti ikasikika kutoka njiani:

"Moto! Moto kwa marehemu!"

Huyo alikuwa Saidi, fundi baiskeli, kijana mwema asiyejua kungoja. Akaingia na ndoo. Nyuma yake watu kumi, ndoo, madebe, beseni, mmoja amebeba mchanga kwenye kikapu. Nyie mnajua mtaa ukisikia moto unavyokuja. Hauulizi.

"Sio moto!" nikapiga kelele. "Saidi, ni mkate!"

Saidi akalipiga bati teke. Hewa ikaingia, makumbi yaliyokuwa yanafuka yakashika kwa mara moja, ulimi wa moto ukaruka nje ukamchukulia nusu ya nyusi.

"Si nilisema!" akapaza sauti. "Mwageni!"

"Msimwage maji! Msimwage, litapasuka! Msimwage!"

Nilikimbia, mikono imejaa unga, kanga imeanguka, nalia. Wanawake wawili wakanidaka kiunoni. Mmoja akamwambia mwenzake, "Mwache alie, ni uchungu wa baba yake, alikuwa hajalia vizuri."

(Ni kweli nilikuwa sijalia vizuri. Lakini sio pale ndipo nilitaka kuanzia.)

Wakamwaga.

Ndoo ya kwanza ilitoa mlio kama samaki mia wanatiwa kwenye mafuta. Ya pili, mlio ukabadilika. Ya tatu, nikasikia paa! Ufa ukakimbia kutoka mdomoni mpaka mgongoni, ukapinda, ukagawanyika. Kisha mgongo wa tanuri ukaingia ndani polepole, bila haraka, kama mzee anayeketi.

Mvuke ulipopungua, Saidi alikuwa amesimama na ndoo tupu, anatabasamu, nyusi moja.

"Tumewahi," akasema.

Mama alikuwa mlangoni. Aliangalia mara moja, akaingia ndani, na nikasikia tu mlango wa chumba chao, chumba chake, ukifungwa.

Nilimngojea baba mdogo acheke. Nilijua atacheka. Tanuri alilotaka libomolewe, nimembomolea mie, tena na mashahidi. Akapita katikati ya watu na kanzu yake nyeupe, akachuchumaa, akaanza kutoa vipande vya udongo kwa mikono na kuvipanga pembeni kimoja kimoja. Vilikuwa vya moto bado.

"Ba'mdogo, utaungua."

"Udongo huu niliubeba mie kichwani," akasema. Hakunitazama. "Kutoka bondeni. Baba yako alikuwa anaukanda kwa miguu, ananiambia, Shomari harakisha, unakauka. Mie nilikuwa sijaota hata ndevu."

Akainua kipande cha sakafu ya tanuri. Chini yake kulikuwa na tabaka la chupa zilizovunjwavunjwa na chumvi ya mawe, vimepangwa kwa ustadi, vinang'aa.

"Chupa za nini?" nikauliza.

"Za kushika joto. Ndio maana moto wake mmoja ulikuwa unatosha mikate ya asubuhi yote na ya jioni. Huyajui haya?"

"Siyajui."

"Hukumuuliza?"

Hapo sikuwa na ukurasa wa kufungua. Majarida ya nchi ambazo sitafika nimeyauliza yote. Mtu aliyekuwa anakunywa chai na mie kila asubuhi sikumuuliza.

"Sikumuuliza," nikasema.

Akatikisa kichwa. Viganja vyake vilikuwa vyekundu. Nikamletea maji, akavitumbukiza kwenye beseni lililokuwa limeletwa kuzima moto, tukakaa hivyo.

"Zuhura, mie nilitaka ushinde," akasema baadaye, kwa sauti ya chini. "Ungeshinda, ningewaambia watu, basi, binti kalichukua, mie nifanyeje. Nisingelivunja kwa mkono wangu. Unanielewa?"

Nikamwambia namwelewa. Akauliza kama mafundi waje Jumatatu. Alikuwa ananiuliza kweli, anangoja jibu langu. Nikaangalia kile kilichobaki: mdomo wa tanuri umesimama peke yake, nyuma yake hakuna kitu.

"Waje," nikasema.

Wageni lakini hawali majonzi. Saidi akatumwa kwa baiskeli dukani, akarudi na mikate ya slesi ndani ya nailoni, shehena nzima. Hitima ya mwoka mikate wa Tegeta ikanywewa chai kwa mkate uliokatwa na mtu asiyemjua. Watu walikula vizuri tu. Mzee mmoja alisema ni laini, unafaa kwa asiye na meno.

Mama akatoka chumbani, macho yamevimba, kilemba kimefungwa upya. Hakunigombeza. Aliutazama ule unga wangu wa kahawia ulionywea, akaweka karai la mafuta jikoni, akaukatakata vipande, akavikaanga. Shangazi Tatu akatafuna kimoja muda mrefu sana.

"Mgumu," akasema. "Lakini ngano ni ngano kweli. Ungeniuliza mapema, ningekwambia uchanganye na nyingine nusu kwa nusu."

Kisha akachukua cha pili. Akanishika shavu kwa mkono wenye mafuta, akaniachia alama juu ya masizi.

Sasa ni baada ya adhuhuri. Nimejificha chumbani nawaandikia. Na kwa sababu nina ugonjwa, nimelirudia jedwali. Safari hii sikuacha kitu. Upande wangu: ngano ya samadi, shamba kubwa zaidi, lori kutoka Makete mpaka Dar, mashine, makumbi na ule moshi wote uliomkohoza shehe. Jumla yake nikaigawanya kwa mikate iliyotoka tanurini. Mikate iliyotoka ni sifuri. Hata darasa la saba walitufundisha kwamba hapo hesabu haigawanyiki.

Upande wa baba: unga wa kawaida wa chumvichumvi, umesagwa hapa hapa mjini, matawi ambayo mkorosho uliyaotesha tena mwaka uliofuata, moto mmoja, mikate ya siku nzima. Nikagawanya. Nikafuta, nikagawanya tena, nikihofia nimekosea. Ndio moshi mdogo kuliko wote kwenye ukurasa. Baba, ambaye neno kaboni hakuwahi hata kulisikia!

Nikafurahi, mjue. Nikasimama na daftari niende kumwambia baba. Nimefika mlangoni, mkono uko kwenye komeo, ndipo nikakumbuka.

Basi nimerudi nimekaa. Mwenye kucheka, acheke huko huko aliko, tena kwa sauti ya chini. Huku bado kuna wageni uani, na wa kuwagawia chai ni mie.